KIBONDO NA KITAHANA: MAELEZO YA NCHI, HISTORIA NA MAISHA YA MJI WA WAKULIMA KATIKA NYANDA ZA JUU ZA KIGOMA

Wananchi wa Visiwani wanaokwenda Bara kwa kazi za Serikali, kwa masomo au kwa biashara hupangiwa mara nyengine sehemu ambazo majina yake hawajapata kuyasikia. Miongoni mwa sehemu hizo ni mji wa Kibondo na kata zinazouzunguka, ikiwemo Kata ya Kitahana, katika Mkoa wa Kigoma. Maelezo haya yametayarishwa ili msomaji aifahamu nchi hiyo, namna ilivyokaliwa, na sababu zilizowafanya wakulima wake waishi mahali wanapoishi leo. Jambo hilo la mwisho ndilo linalostahili kuzingatiwa zaidi, kwa kuwa katika muda wa miaka isiyozidi 100 watu wa Kibondo wamehamishwa kwa amri mara mbili, na mara nyengine wamepokea wageni wengi ajabu katika ardhi yao.

1. MAHALI PALIPO

Mkoa wa Kigoma uko magharibi kabisa mwa Tanzania, baina ya Ziwa Tanganyika na Mkoa wa Tabora. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 45,066, na kati ya hizo kilomita za mraba 8,029 ni maji, sehemu kubwa ikiwa ni ya ziwa hilo. Nchi kavu iliyobaki, yenye kilomita za mraba 37,037, ni zaidi ya mara 13 ya Unguja na Pemba zikiwekwa pamoja. Katika Sensa ya mwaka 2022 Kigoma ilihesabiwa kuwa na watu 2,470,967, ambapo Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,889,773. Msomaji ataona kwamba mkoa huo una watu wengi kuliko Visiwani, lakini umeenea mno, na safari ya kutoka wilaya moja kwenda nyengine ni safari ya kujitayarishia.

Wilaya ya Kibondo iko upande wa kaskazini wa mkoa. Magharibi inapakana na Jamhuri ya Burundi, kaskazini na Wilaya ya Kakonko, kusini na Wilaya ya Kasulu, na mashariki imeshuka kwenye mapori na mabwawa yanayoelekea Tabora. Mji wa Kibondo ndio makao makuu ya wilaya. Uko kwenye barabara kuu itokayo Kigoma kupitia Kasulu, ikapanda Kibondo na Kakonko, kisha ikafika Nyakanazi ambako hugawika kwenda Mwanza, Kagera na Rwanda. Kitahana ni mojawapo ya kata za wilaya hiyo. Watu wake ni wakulima, na mambo ya nchi na ya historia yanayoelezwa hapa juu ya Kibondo ndiyo yao pia.

Hadi mwaka 2012 Wilaya ya Kibondo ilikuwa kubwa zaidi. Mwaka huo sehemu yake ya kaskazini ilikatwa ikawa Wilaya ya Kakonko. Kwa hivyo mtu anaposoma takwimu za Kibondo za kabla na baada ya mwaka huo hana budi kukumbuka kwamba hazizungumzii eneo moja.

2. ARDHI, MAJI NA MVUA

Nchi ya Kibondo ni ya vilima na mabonde. Upande wa Burundi ardhi imeinuka, na nyanda hizi za juu kwa jumla huwa baina ya mita 1,200 na 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kwa ajili ya mwinuko huo hewa yake ni ya baridi ya wastani, na mgeni atokaye mwambao atahitaji shuka nzito usiku katika miezi ya Juni na Julai. Kadiri mtu anavyokwenda mashariki ndivyo vilima vinavyopungua, na misitu ya miyombo na mininga inatanda mpaka kwenye mabwawa.

Mvua huko si kama za Visiwani, ambako Masika na Vuli hutenganika waziwazi. Kibondo ina msimu mmoja mrefu unaoanza Oktoba au Novemba na kumalizika Aprili au Mei, na katikati yake huwa na siku za ukavu mnamo Januari au Februari. Kuanzia Juni mpaka Septemba ni kiangazi. Kwa kawaida mvua huwa ya kutosha kwa mahindi, maharage na ndizi bila ya kumwagilia. Katika kiangazi wakulima huteremka mabondeni, ambako unyevu hubakia, wakalima maharage na mboga. Bonde kwa hivyo ni ghala la pili la kaya, na mgogoro wa bonde ni mgogoro mkubwa.

Mto mkubwa wa sehemu hizi ni Malagarasi. Mwendo wake ni wa kustaajabisha. Huanzia katika milima iliyo karibu na mpaka wa Burundi, si mbali sana na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kuliendea ziwa huelekea kwanza kaskazini-mashariki, sehemu ya safari yake ukiwa ndio mpaka wa nchi mbili. Baadaye hugeuka kusini, ukapita katika mabwawa mapana unakokutana na mto Muyovozi, na ndipo unapoelekea magharibi kupitia Uvinza mpaka ziwani. Maji yanayotoka katika mabonde ya Kibondo huingia katika mzunguko huo mrefu.

Mabwawa ya Malagarasi na Muyovozi yaliandikishwa mwezi wa Aprili 2000 chini ya Mkataba wa Ramsar juu ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Yalikuwa ya kwanza ya Tanzania kuandikishwa hivyo, na eneo lake ni takriban kilomita za mraba 32,500. Humo huishi ndege wengi, akiwemo yule mkubwa wa kijivu mwenye mdomo mpana mfano wa kiatu, ambaye ni adimu duniani. Wavuvi, wafugaji na warina asali wa mikoa mitatu huyategemea mabwawa hayo. Mkulima anayefyeka chanzo cha kijito juu ya kilima cha Kibondo huenda asiyaone mabwawa hayo maishani mwake, lakini jembe lake linayafikia.

3. TAWALA ZA UHA

Wenyeji wa Kibondo ni Waha, na nchi yao kwa jumla huitwa Uha au Buha. Lugha yao, Kiha, iko karibu sana na Kirundi, hata watu wa pande mbili za mpaka husikilizana bila ya mkalimani. Kabla ya kuja kwa Wazungu Uha haikuwa dola moja. Ilikuwa na tawala kadhaa, kila moja na mfalme wake aliyeitwa mwami. Heru ilikuwa katika sehemu za Kasulu, Muhambwe katika sehemu za Kibondo, na Buyungu katika sehemu za Kakonko. Majina ya Muhambwe na Buyungu hayakupotea. Yalikuja kutumiwa kuwa majina ya majimbo ya uchaguzi.

Wami walikuwa wa koo za Kitutsi, na wengi wa raia walikuwa wakulima wa Kiha. Chini ya mwami walikuwapo watware, yaani watawala wa sehemu, waliokusanya kodi na kuamua mashauri. Mafungamano baina ya mwenye ng'ombe na asiyekuwa nao yalipita katika utaratibu ulioitwa ubugabire, ambao kwao mtu alipewa ng'ombe wa kumtunza akafaidi maziwa na samadi, naye akawa na wajibu wa utumishi kwa aliyempa. Lakini uwezo wa mwami haukuwa peke yake katika ardhi. Walikuwapo wateko, wazee wa koo za wenyeji wa kale, ambao ndio waliosimamia mambo ya jadi ya ardhi. Kwa hivyo aliyetawala watu na aliyeisemea ardhi walikuwa wawili mbalimbali, na mkulima aliwajibika kuwaheshimu wote.

Zamani makazi hayakuwa ya kukusanyika. Kila kaya ilikaa peke yake katikati ya migomba yake, na baina ya nyumba na nyumba palikuwa na mashamba, malisho au kichaka. Migomba ilikuwa ushahidi wa ukaaji. Penye migomba mikongwe palijulikana kuwa pana mwenyewe, hata kama nyumba imeanguka.

4. MISAFARA, WAJERUMANI NA WABELGIJI

Uhusiano wa Uha na Visiwani ni wa zamani. Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora iliishia Ujiji, penye soko la pembe, watumwa, nguo na shanga, na wafanyabiashara wengi wa Ujiji walikuwa watu wa mwambao na wa Zanzibar. Chumvi ya Uvinza ilipelekwa mbali katika nchi za ndani. Watawala wa Uha ya kusini walitoza hongo kwa kila msafara uliopita katika nchi yao. Henry Morton Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alitozwa mara kadhaa hata akaamua kutoroka usiku kupitia porini ili asitozwe tena. Muhambwe na Buyungu zilikuwa kaskazini ya njia hiyo, na misafara haikuzipitia sana.

Wajerumani waliweka kituo chao Ujiji katika miaka ya 1890, na reli ya kati ilifika Kigoma mapema mwaka 1914. Reli hiyo iliinua bandari ya Kigoma lakini ilibaki mbali na Kibondo, na umbali huo uliathiri sana maisha ya watu baadaye. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliichukua Kigoma mwaka 1916. Uha ikawa chini ya utawala wa Kibelgiji mpaka mwaka 1921, ilipokabidhiwa Waingereza pamoja na sehemu nyengine za Tanganyika.

Waingereza walitawala kwa kupitia kwa wami, hasa baada ya sheria ya mwaka 1926 iliyoletwa na Gavana Donald Cameron kuhusu serikali za wenyeji. Mmoja wa watawala waliojulikana sana katika Uha ni Mwami Theresa Ntare wa Heru, mwanamke aliyetawala tangu miaka ya 1940 na baadaye akawa miongoni mwa wanawake wa mwanzo kuingia katika Bunge. Utawala wa machifu ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1963.

5. MALALE NA KUHAMISHWA KWA KWANZA

Katika misitu ya mashariki mwa Kibondo huishi mbung'o, nzi anayeeneza ugonjwa wa malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mbung'o wa misituni hutaka kichaka na kivuli pamoja na wanyama wa kuwanyonya damu. Hushindwa kuishi mahali palipofyekwa na kulimwa na watu wengi. Ugonjwa ulipozidi katika Tanganyika ya magharibi, madaktari wa Serikali ya Kiingereza waliona kwamba dawa peke yake haitoshi. Mpango wao ulikuwa ni kuwaondoa watu waliotawanyika msituni na kuwakusanya katika makazi makubwa, kaya nyingi kiasi cha kuweza kufyeka eneo pana na kulizuia pori lisirudi.

Katika miaka ya 1930 Kibondo ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotekelezwa mpango huo. Kaya ziliamriwa kuacha migomba yao na kuhamia mahali palipochaguliwa. Katika hoja ya kuzuia ugonjwa mpango ulikuwa na maana, kwani waliokusanyika waliweza kupimwa na kutibiwa, na nzi walipungua mahali palipofyekwa. Lakini upande wa pili wa hesabu nao lazima usemwe. Pale watu walipotoka pori lilirudi, wanyama wakaongezeka na mbung'o nao wakaongezeka. Maeneo mapana ya mashariki, ambayo kabla yake yalikuwa na kaya, yalibaki matupu. Mwaka 1981 sehemu ya mapori hayo ilitangazwa kuwa Pori la Akiba la Moyowosi. Mtu anayeitazama ramani leo huona hifadhi isiyokuwa na watu akadhani ndivyo ilivyokuwa tangu asili. Sehemu ya utupu huo ilitokana na amri.

6. MANAMBA

Kwa kuwa reli ilikuwa mbali na barabara zilikuwa mbovu, mazao ya Kibondo hayakuweza kushindana sokoni na ya sehemu zilizo karibu na bandari. Kodi hata hivyo ilidaiwa kwa fedha taslimu. Njia iliyobaki kwa kijana wa Kiha ilikuwa ni kuuza nguvu zake. Uha ikawa mojawapo ya nchi zilizotoa wafanyakazi wengi kwa mashamba ya katani ya Tanga, Morogoro na sehemu nyengine. Wafanyakazi hao waliitwa manamba kwa sababu kila mmoja aliandikishwa kwa namba. Mwaka 1944 wenye mashamba ya katani waliunda chombo chao cha kuajiri kilichojulikana kwa jina la SILABU, na Kigoma, Kasulu na Kibondo zilikuwa miongoni mwa sehemu zake kuu za kuajiri.

Matokeo yake yalikuwa ni mazito kwa kilimo. Kijana alipoondoka kwa mwaka mmoja au miwili, shamba lilibakia mikononi mwa wanawake na wazee. Wengine hawakurudi tena, wakaoa na kuzeeka Tanga. Ndiyo maana mpaka leo zipo koo za Waha katika mashamba ya zamani ya katani, na ndiyo maana katika simulizi za Kibondo safari ya kwenda "mkonge" hutajwa pamoja na njaa na kodi.

7. OPERESHENI KIGOMA, 1972

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali iliwahimiza wananchi waishi pamoja katika vijiji vya ujamaa ili wapate skuli, zahanati na maji kwa urahisi. Mkoa wa Kigoma ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mwanzo kuendeshewa operesheni ya mkoa mzima, nayo ilifanyika mwaka 1972, kabla ya amri ya kitaifa ya mwaka 1973 iliyotaka watu wote wa vijijini wawe katika vijiji ifikapo mwisho wa mwaka 1976.

Kwa watu wa Kibondo hii ilikuwa mara ya pili. Mzee aliyekuwa kijana wakati wa malale aliwaona wajukuu wake wakibeba tena milango na mabati kwenda mahali pengine. Nyumba zilipangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Migomba na mibuni iliyochukua miaka kukua iliachwa nyuma, na kaya nyingi zilianza upya kwa mahindi na muhogo kwa kuwa hayo huiva mapema.

Faida zilipatikana. Watoto wengi zaidi walifika skuli, na huduma za afya zikawa karibu kuliko zamani. Sura ya leo ya kata kama Kitahana, yaani nyumba zilizofuatana kwenye barabara na mashamba yaliyo nyuma yake, ni sura iliyotokana na makazi ya vijiji. Hasara nazo zilidumu. Mashamba yaliyo karibu na makazi hulimwa kila mwaka bila ya kupumzika na udongo huchoka. Yaliyo mbali huhitaji mwendo mrefu, na nyani na nguruwe mwitu huyafikia kabla ya mwenyewe. Jambo zito kuliko yote ni la haki. Mashamba ya kale yaliyoachwa hayakuandikwa popote, na mengine yaligawiwa watu wengine kwa nia njema. Watoto wa pande zote mbili wamekua wakiamini kuwa ardhi ni yao, na kila upande una sababu.

8. WAKIMBIZI

Kibondo imekaa mpakani, na kila Burundi ilipoungua moshi wake ulifika Kibondo. Mauaji ya mwaka 1972 yaliwaleta Warundi wengi Tanzania, na wengi wao walipelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, mbali na mpaka. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mamia ya maelfu ya watu walivuka. Safari hii waliwekwa katika kambi zilizo karibu na mpaka. Katika eneo lililokuwa Wilaya ya Kibondo wakati huo zilianzishwa kambi kadhaa, zikiwemo Kanembwa, Mtendeli, Nduta na Karago. Huko Kasulu palikuwa na Mtabila, Muyovozi na Nyarugusu, hii ya mwisho ikipokea Wakongo kuanzia mwaka 1996.

Takwimu za sensa zinaeleza uzito wa jambo hili kuliko maneno. Mwaka 1988 Mkoa wa Kigoma haukufikia watu 900,000; mwaka 2002 ulizidi watu 1,600,000. Wilaya ya Kibondo ilihesabiwa mwaka 2002 kuwa na watu 414,764. Mwaka 2012, baada ya wakimbizi wengi kurudi kwao, Kibondo ilikuwa na watu 261,331 na Kakonko iliyokatwa kwake watu 167,555. Zikijumlishwa ni 428,886. Kwa maneno mengine, katika miaka 10 ambayo wilaya nyengine ziliongezeka sana, eneo hili liliongezeka kidogo tu, kwa kuwa waliozaliwa walijaza nafasi ya walioondoka.

Kwa mji wa Kibondo miaka hiyo ilikuwa ya neema na ya taabu pamoja. Mashirika ya misaada yalipanga nyumba, yakaajiri madereva na wahudumu, na bidhaa zikapata wanunuzi. Mkulima aliyekuwa na maharage na ndizi aliuza kambini, na wakimbizi walipata vibarua katika mashamba ya wenyeji. Kwa upande wa pili, miti ilikatwa kwa kuni na kwa kujengea kwa masafa marefu kuzunguka kambi, visima vikaelemewa, na wizi na ujambazi wa silaha uliwatia watu hofu. Kambi zilipofungwa, kazi ziliondoka pamoja nazo lakini vilima vilivyonyolewa vikabaki.

Hadithi haikuishia hapo. Machafuko ya Burundi ya mwaka 2015 yaliifanya Nduta ifunguliwe tena mwezi wa Oktoba mwaka huo, na Mtendeli mwezi wa Januari 2016. Mtendeli ilifungwa mwisho wa mwaka 2021. Wenyeji wa Kibondo, ambao wengi wao wana jamaa ng'ambo ya mpaka, wamejifunza kwamba mgeni huja bila ya kupiga hodi, na kwamba ukarimu usiokuwa na mpango wa kuni na maji humchosha mwenyeji na mgeni pia.

9. KILIMO NA RIZIKI

Chakula kikuu cha Kibondo ni ugali wa mahindi au wa muhogo kwa maharage, pamoja na ndizi. Maharage ya Kigoma husafirishwa mbali na yana sifa katika masoko. Mazao ya biashara ni kahawa katika sehemu za juu, tumbaku, na pamba katika sehemu za chini. Ndizi za kuliwa na za kutengeneza pombe huipatia kaya fedha ndogo ndogo za mwaka mzima. Ng'ombe wamo upande wa nyanda za juu. Mashariki mbung'o huwazuia.

Muhogo, uliokuwa kinga ya njaa, umepata taabu kutokana na maradhi ya batobato na michirizi ya kahawia. Hili la pili ni la hila, kwani majani huweza kuonekana mazima na mizizi ikawa imeoza ndani. Maradhi yote mawili husafiri katika mbegu. Mkulima anayempa jirani yake mapingili bila ya kuyachunguza huweza kumpa na ugonjwa. Wakulima wa Unguja na Pemba wanaifahamu taabu hii, kwani michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa mwambao wa tangu zamani.

Asali ni riziki nyengine. Misitu ya miyombo huchanua kwa wingi, na warina asali wa Kibondo hutundika mizinga ya magome na ya magogo juu ya miti. Mzinga wa gome hutaka mti mmoja ubanduliwe na kufa kwa kila mzinga mmoja. Kwa sababu hiyo maofisa wa nyuki wamekuwa wakihimiza mizinga ya mbao, ambayo hukaa miaka mingi. Mrina asali ni mlinzi mzuri wa msitu, kwa sharti kwamba mzinga wake usiwe ndio unaoumaliza.

Biashara na Burundi hufanyika mpakani, kama vile Mabamba. Huduma za mji nazo zimebadilika. Kwa miaka mingi Kibondo iliwashwa kwa majenereta ya mafuta, na umeme ulikuwa wa saa chache. Mwaka 2022 umeme wa Gridi ya Taifa ulifikishwa kupitia Nyakanazi. Barabara kuu, ambayo zamani wakati wa mvua iliweza kumkwamisha msafiri kwa siku kadhaa, imekuwa ikijengwa kwa lami sehemu baada ya sehemu. Umbali uliowafanya vijana wa mwaka 1944 waandikishwe namba unapungua, na mahindi ya Kibondo yanaweza sasa kwenda sokoni badala ya mwenye mahindi kwenda mkonge.

10. MAMBO YA KUZINGATIA

Lami na umeme hupandisha thamani ya ardhi. Ardhi ambayo historia yake haikuandikwa, ikapanda thamani ghafla, huleta mashauri. Kwa hivyo wakaazi wa kata kama Kitahana, na watumishi wanaopangiwa huko, wanapaswa kuyaelewa mambo yafuatayo:

(a) Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji. Mwanakijiji, mwanamume au mwanamke, anaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lake. Halmashauri haigawi ardhi bila ya idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji.

(b) Hati hutolewa baada ya kijiji kupata cheti cha ardhi na mipaka yake kukubaliwa na vijiji jirani. Ushahidi wa wazee juu ya mipaka na migomba ya kale utafutwe na kuandikwa wangali hai, kwani ndio rejista pekee ya miaka ya kabla ya 1972.

(c) Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji. Mabonde ni ghala la kiangazi, na ghala likikauka hakuna hati itakayolijaza.

(d) Mtumishi mgeni asiharakishe kumwita mwanakijiji mvamizi kwa kuwa amerudi kulima alikozikwa babu yake, wala asimwite mnyang'anyi yule aliyegawiwa shamba hilo na Serikali miaka 50 iliyopita. Wote wawili walifika walipo kwa kutii amri. Shauri lao lisikilizwe kwa utulivu katika Baraza la Ardhi la Kijiji, likapatanishwe hapo, na maafikiano yaandikwe.